Baada ya Neema

Walimvua mshipi, tai na kamba za viatu, wakampa karatasi atie sahihi kwamba vitu vyake vimepokelewa salama. Naftaly alitia sahihi. Kisha akaingia seli ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana tangu amzike mwanawe alikuwa amekonda, na bila mshipi suruali haikukaa kiunoni. Ilikuwa Jumapili, saa tisa na nusu mchana. Suti ilikuwa ile ya kahawia ambayo alikuwa akiivaa kila Jumapili kwa miaka kumi na tisa ya uzee wake wa kanisa.

Ndani kulikuwa na wanaume sita na ndoo moja. Jamaa aliyekuwa karibu na ndoo alimpisha nafasi ukutani, akamwangalia kutoka kola mpaka viatu.

"Mzee, na hiyo suti umefanya nini?"

"Nimeuliza swali."

"Umemuuliza nani?"

"Mheshimiwa."

"Wapi?"

"Kanisani."

Yule jamaa alicheka mpaka akakohoa. "Si ungeiba tu ng'ombe, mzee. Wezi wa ng'ombe hapa wanatoka haraka."

Wengine nao wakacheka. Naftaly hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba kesho asubuhi mchungaji atakuja, jambo hili liishe.

Kanisa lao lilikuwa na sheria moja ambayo makanisa mengine ya upande huo wa Ruiri hayakuwa nayo. Miaka miwili nyuma, wanasiasa wawili walinyang'anyana maikrofoni katikati ya meza ya Bwana, mkate ukaanguka sakafuni, akina mama wakalia. Wazee wakakutana wiki hiyohiyo. Naftaly ndiye aliyesimama akapendekeza: mwanasiasa asiguse maikrofoni kabla mchungaji hajafunga ibada kwa Neema. Neema ikishasemwa na watu wakaitikia Amina, ibada imekwisha. Anayetaka kusikiliza siasa akae, asiyetaka aende nyumbani akakamue ng'ombe wake. Wazee wote waliunga mkono. Kailemia, rika lake na jirani yake wa benchi, ndiye aliyeiandika kwenye kitabu cha wazee.

Jumapili ile Mheshimiwa alikuja na magari matano na lori la mabati ya kuezekea ukumbi mpya. Mchungaji Gikunda alihubiri kwa haraka kuliko kawaida. Akanyanyua mikono, akasema Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, na upendo wa Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu, ukae nanyi sasa na hata milele. Watu mia tatu wakasema Amina. Kwaya wakaanza kuvua majoho. Kailemia akachukua kofia yake chini ya benchi. Hapo ndipo mchungaji akasema, "Wapendwa, msitoke kwanza. Mgeni wetu awasalimie."

Mheshimiwa alisalimia kwa muda mrefu. Alisifu mabati. Alisifu mvua. Kisha akafika kwa vijana.

"Hawa vijana waliokufa kwenye maandamano ya Juni," alisema, "mimi nawahurumia. Lakini tuseme ukweli, tuko kanisani. Walikuwa wezi na walevi waliolipwa. Wazazi, chungeni watoto wenu. Mzazi akishindwa kulea, serikali itamsaidia kulea."

Watu kadhaa walicheka kile kicheko cha kumfurahisha mgeni.

Mutuma, mtoto wa Naftaly, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa akisomea ualimu, amepanga chumba Nchiru. Alipigwa risasi ya shingo barabarani saa saba mchana, mkono mmoja una bendera, mwingine una chupa ya maji. Alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na ni huyu Mchungaji Gikunda aliyemzika. Tangu hapo Naftaly alikuwa amekwenda kituoni mara kumi na moja kuulizia faili. Mara ya kwanza aliambiwa faili iko juu. Mara ya kumi na moja aliambiwa, "Faili gani?"

Kwa hiyo alisimama. Hakupiga kelele, sauti yake haikuwa ya kelele hata akikasirika.

"Mheshimiwa, mimi ni baba wa Mutuma. Mtoto wangu hakuwa mlevi. Aliyempiga risasi anaitwa nani?"

Mheshimiwa alitabasamu. "Mzee, keti. Tutaongea nje."

"Nje nimeongea mara kumi na moja. Anaitwa nani?"

Kailemia alimvuta koti. Alimgonga na kiwiko. "Naftaly, keti bwana, unatuaibisha." Huku nyuma vijana wakaanza kuimba majina ya waliokufa, mmoja mmoja, la Mutuma likiwa la kwanza. Walinzi wakapanda juu ya mabenchi. Vijana wakatoka kupitia dirishani, wakapotelea kwenye mahindi. Naftaly hakukimbia. Alikuwa bado amesimama akingoja jibu.

Jumatatu asubuhi mchungaji alikuja kweli. Alisimama nje ya vyuma akashika mikono yote miwili ya Naftaly, na suruali ikaanza kuteremka. Ikabidi aibane kwa magoti mpaka maombi yaishe.

"Ndugu Naftaly, hiki kitu ni hasira tu ya wakubwa. Kitapita."

"Wanasema nimevuruga ibada."

"Nimesikia."

"Ibada ilikuwa imefungwa, Mchungaji. Wewe mwenyewe umeifunga."

"Nimeifunga mimi, na nitasema hivyo." Alimfinya mikono. "Hata mbele ya hakimu nitasema. Kwani mimi ni mtu wa kudanganya?"

Faili ya Mutuma miezi minne ilikuwa haijaonekana. Faili ya kanisa ilikuwa tayari Jumatatu hiyohiyo adhuhuri, imepigwa chapa, ina mashahidi saba.

Alipotoka kwa dhamana, Kendi alikuja nyumbani. Alikuwa wakili mpya, ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la mbegu mjini, na dada yake mdogo alisoma darasa moja na Mutuma. Karambu, mke wa Naftaly, alimwekea chai na viazi vitamu. Kendi hakugusa viazi.

"Baba, nitakusimamia bure. Wewe kubali tu."

"Wakili wa nini? Sina kosa."

"Hii sheria ni ngumu, baba. Wakionyesha tu kwamba ibada ilikuwa inaendelea, umekwisha. Kila kitu kinategemea ile Neema. Tunahitaji watu watano waliosema Amina, waandike na watie sahihi sasa, kabla hawajatembelewa."

"Nikimwita wakili na mashahidi wa karatasi, nitakuwa nimemwambia mchungaji simwamini." Naftaly alisukuma sahani karibu na mgeni. "Yeye atashika Biblia. Atasema."

"Na asiposema?"

"Kendi, huyo mtu amenizikia mtoto."

Karambu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Baba Mutuma, chukua wakili."

"Nimesema hapana."

Kendi aliacha kadi yake chini ya kikombe. Karambu akaiweka ndani ya Biblia. Naftaly akaitoa akaiweka kwenye dirisha, akisema Biblia si mahali pa kadi za biashara.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tatu. Ukumbi ulijaa watu wa kanisa, na hilo lilimpa Naftaly moyo. Aliwahesabu kwa macho akiwa kizimbani: huyu alisema Amina, na huyu, na yule mama wa kwaya aliyekuwa ameshavua joho. Ukumbi wa mabati ulikuwa umekwisha kuezekwa. Barabara ya kwenda kanisani ilikuwa imemwagwa kokoto.

Mchungaji Gikunda aliapa. Alikuwa amevaa kola nyeupe.

"Mchungaji," mwendesha mashtaka aliuliza, "mshtakiwa aliposimama, ibada ilikuwa inaendelea au imekwisha?"

"Ilikuwa inaendelea."

Naftaly alidhani hakusikia vizuri. Aliinama mbele.

"Mshtakiwa amewaambia polisi kwamba ulikuwa umetoa Neema ya kufunga."

"Lile lilikuwa ombi fupi la kumkaribisha mgeni. Neema yenyewe nilikuwa bado sijatoa. Kutokana na vurugu hizo, sikupata nafasi ya kuitoa. Watu wa Mungu walikwenda nyumbani bila baraka." Alitoa leso, akajifuta kope. "Hilo ndilo limeniumiza zaidi."

Hakimu aliandika. Kisha akamwambia Naftaly kwamba anaweza kumuuliza shahidi maswali.

Naftaly alishika ubao wa kizimba. Alikuwa ameishia darasa la sita, na alikuwa hajatayarisha swali lolote, kwa sababu huyu ndiye aliyekuwa shahidi wake.

"Mchungaji. Ulinyanyua mikono."

"Huwa nanyanyua mikono nikiomba."

"Ulisema sasa na hata milele."

"Maneno ya Mungu ni mengi, mzee. Mtu anaweza kuchanganya."

"Mimi nilisema Amina. Nilikuwa naitikia nini?"

"Hilo ni kati yako na Mungu wako."

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Mchungaji alitazama kuta, alitazama saa, alimtazama hakimu. Naftaly alimsubiri amtazame na yeye, akasubiri kama alivyosubiri kanisani, mpaka hakimu akauliza, "Una swali lingine?"

"Nyumbani kwangu, ulipomwaga udongo, hayo maneno yalikuwa Neema au yalikuwa kumkaribisha mgeni?"

"Hilo halihusiani na kesi," alisema hakimu. "Shahidi asijibu."

Naftaly alimwita Kailemia awe shahidi wake. Kailemia alipanda polepole. Kofia alikuwa ameikunja mkononi kama kitambaa cha kupangusia meza. Mjukuu wake alikuwa ameandikwa kazi ya ulinzi katika ofisi ya Mheshimiwa wiki mbili zilizopita, na kila mtu ukumbini alilijua hilo isipokuwa hakimu, na labda hata hakimu.

"Kailemia, waambie. Uliketi kando yangu."

"Siku nyingi huwa naketi kando yako."

"Siku hiyo."

"Siku hiyo nilikuwa nje. Naangalia moto wa chai ya wageni."

"Kailemia. Ulinivuta koti."

"Huyo ni mwingine, Naftaly."

"Kuna sheria uliyoandika kwa mkono wako. Kitabu kiko wapi?"

"Kitabu kilinyeshewa wakati wa kuezeka ukumbi." Na hapo sauti ya Kailemia ikashuka, akasema kwa Kimeru, haraka, kama watu wanavyonong'onezana kwenye matanga, "Ndugu yangu, wewe mtoto wako amekwisha kufa. Sisi wengine wetu bado wanakula."

"Amesema nini?" aliuliza hakimu.

Karani alitafsiri. "Anampa pole kwa msiba."

Naftaly aligeuka akawatazama watu wa kanisa, benchi hadi benchi. "Kuna mtu hapa alisikia Neema?" alisema. "Mtu mmoja tu."

Yule mama wa kwaya alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Karambu alisimama. "Mimi nilisikia," alisema. "Wote hawa walisikia, wanadanganya!" Askari akamwambia mke wa mshtakiwa aketi au atolewe nje.

Hakimu alisoma uamuzi kwa sauti ya upole. Alisema Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na uhuru huo hauna maana kabisa kama mtu anaweza kuingia nyumba ya ibada na kuwanyima wengine utulivu. Alisema mahakama inaelewa uchungu wa mzazi, lakini uchungu si ruhusa. Kwa kuwa mshtakiwa ni mtu mzima asiye na rekodi, hatafungwa. Kwa mwaka mmoja, kila Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, asionekane ndani ya mita mia mbili kutoka kanisa hilo.

"Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa. Lakini nyumba yangu iko ndani ya hizo mita."

Hakimu aliinua kichwa. "Iko wapi?"

"Ng'ambo ya ua. Uwanja wa kanisa nilikata kwenye shamba langu nikawapa."

Mchungaji alikuwa akikusanya vitu vyake. Hakimu alifikiri kidogo, akaongeza mstari.

"Basi saa za ibada utakuwa unatoka nyumbani kwako."

Jumapili ya kwanza ilinyesha tangu alfajiri. Saa mbili na nusu Naftaly alivaa suti, kwa kuwa hakujua mtu huvaa nini akifukuzwa kwake. Karambu hakwenda kanisani. Alibaki amekaa kwenye kigoda chini ya migomba, kando ya kaburi, amejifunika gunia la mbolea, na alisema hataondoka hapo hata waje na trekta. Naftaly alipita mbele ya lango la kanisa. Askari wawili walikuwa wamesimama hapo, wamewekwa walinde ibada, wanakagua mikoba ya akina mama. Watu waliokuwa wakiingia walimwona wakaanza kuzungumzia mvua.

Alishuka barabara mpya ya kokoto, akasimama pembeni penye mti wa mgrevilea, palipokuwa na unafuu wa mvua. Wimbo wa kwanza ulianza. Alikuwa anaujua. Alivua kofia.

Askari mmoja alimfuata, ameshika mwavuli, akihesabu hatua kwa sauti. Alifika akasimama mbele yake.

"Mzee, hapa ni mia moja na themanini na nne."

"Hapa pana kivuli cha mvua."

"Naona. Lakini nimeambiwa mia mbili, na wamesema watakuja kupima. Usinitie kwa shida."

Naftaly alirudi nyuma. Barabara hapo ilikata kona, kwa hiyo kurudi nyuma moja kwa moja kulimtoa kwenye kokoto, kukampitisha kwenye nyasi, kukamshusha mtaroni. Maji ya matope yalimfika juu ya viatu, kisha chini ya magoti. Askari aliendelea kumhesabia kutoka ukingoni, mia na tisini na nane, mia na tisini na tisa, mkono umenyooka kama anayeegesha lori.

"Hapo. Hapo ni sawa kabisa," alisema. "Hapo hata kuomba unaweza."