Nani Atashuka na Senga

Senga Rennie alianza kuipanga safari ya Mei tangu Krismasi. Alikuwa katibu wa klabu ya wazamiaji katika mji wa bandari wa Greenock, na hakuna aliyejua kama yeye saa ambazo maji husimama, kati ya kupwa na kujaa, kwenye mlangobahari wa kisiwa cha Mull. Alichagua meli mbili zilizozama upande uliokingwa na upepo wa kusini-magharibi, na miamba ya karibu na pwani kwa siku ambayo bahari ingechafuka.

Jumanne moja kabla ya safari, kwenye chumba cha nyuma cha baa, lilibaki jambo moja tu: kupangana wawili wawili wa kushuka pamoja.

"Mimi bado sina mwenzangu," alisema Senga.

Watu wakainamia chipsi zao.

"Tusizungukane," alisema Wattie Purdie, mkufunzi wao. "Nani atashuka na mtu anayepagawa chini ya maji?"

Novemba iliyopita, katika ghuba ya Loch Long, Senga na Wattie walikuwa mita ishirini chini wakati kifaa cha Senga cha kupumulia kilipoganda kwa baridi, hewa ikabubujika mpaka mtungi ukakaribia kuisha. Alimwashiria Wattie ampe hewa. Wattie alimtazama machoni, akageuka, akapanda juu peke yake. Senga aliibuka na pumzi ya mwisho, akamkuta mwenzake ameshavua miwani. Tangu siku hiyo Wattie alieneza kwamba Senga ndiye aliyekurupuka na kumwacha.

"Uliniacha, Wattie. Leta saa yako ya kuzamia, ilirekodi kila dakika, tuilinganishe na yangu tuone nani alitoka kwanza."

"Ile? Niliiuza zamani, dada. Au ningesubiri ruhusa yako?"

Wakacheka.

Senga akamgeukia Ina Baxter, rafiki yake wa miaka kumi na minne. Siku ile Ina ndiye aliyekuwa ufukweni akiwaangalia. Sasa alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Senga akalikata jina lake mwenyewe kwenye orodha, akaziacha karatasi zote za mpango mezani, akatoka.

Ina alimkimbilia nje kwenye mvua.

"Usinichukie, shoga. Nilimwona akitoka kwanza. Lakini ni yeye tu mwenye cheti cha kuongoza. Bila yeye safari inakufa, na mimi magoti yangu hayatangoja mwaka mwingine."

"Wewe umepangwa na nani?"

"Na Wattie."

"Basi beba mtungi wa pili," alisema Senga. "Wewe si uliona?" Akawasha gari.

Asubuhi ya safari Ina aliwaambia ana mafua, wakaenda bila yeye. Maji yalikuwa maangavu, meli zikaonekana mpaka usukani. Mkutano wa Juni ulimsifu Wattie kwa mpango mzuri. Senga aliyasoma hayo kwenye taarifa ya klabu, ambayo walimtumia kwa mazoea tu. Iliandikwa kwamba wote walipiga makofi. Kwenye orodha ya waliohudhuria mkutano huo, jina la Ina lilikuwa la pili.