Dirisha la Kumi na Mbili

Umepita hapo. Usijifanye mgeni. Nyuma ya kiwanda cha nyuzi kuna safu ya vyumba kumi na viwili vya wafanyakazi, na ukuta wake wa nyuma hauna dirisha hata moja. Zipo alama tu, miraba kumi na miwili ya saruji ya rangi nyingine, mahali madirisha yalipokuwa. Uliiona, ukakaza mwendo, ukajitia hamnazo. Leo utasikia yaliyomo ndani.

Aliyeyaziba alikuwa mwashi wa kiwanda, naye anakaa chumba cha mwisho. Wenzake humwita Timazi, kwa kuwa ukuta alioujenga yeye hauhitaji kupimwa mara ya pili. Miaka sita iliyopita zilipotea roli za uzi ghalani, meneja akaapa kwamba wafanyakazi wanazipitisha kwenye madirisha ya nyuma. Hakukamatwa mtu, wala hakuulizwa mtu. Timazi akaagizwa ang'oe nondo na mbao, azibe kwa matofali.

Kumi na moja aliyaziba kwa mchanga mwingi na saruji haba, kama alivyopimiwa. Lile la kumi na mbili lilikuwa lake. Hapo ndipo mikono yake ilipomponza, maana fundi wa kweli hawezi kulipua kazi nyumbani kwake. Alizidisha saruji maradufu mvua isije ikamlowesha mkewe, akalainisha plasta mpaka ikang'aa. Majirani wakaja kuitazama, wakamsifu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia huku akipigiwa makofi.

Mwaka haukwisha, mwizi akajulikana. Roli zilikuwa zikitokea lango kuu, mchana kweupe, ndani ya gari la shemeji yake meneja. Shemeji akahamishiwa ofisi nyingine yenye kiti kizuri zaidi. Madirisha yakabaki yamezibwa. Kuna watu wameshasahau. Sisi hatujasahau.

Mke wa Timazi yuko kwenye mashine ya kuchambua pamba, na vumbi la miaka kumi na miwili limemkaa kifuani. Daktari alimwambia dawa atakunywa, lakini bila hewa anapolala atakuwa anajisumbua bure. Basi akawa anatandika mkeka mlangoni, miguu ndani, kichwa nje, wapita njia wakimruka kama gogo. Kila alipokohoa, Timazi alisikia mwiko wake mwenyewe ukikwaruza ukuta.

Ndipo afisa ustawi wa kiwanda alipowakusanya kantini kuwagawia karatasi ya nyumba yenye furaha. Alikuwa mama mpole, na ubaya ni kwamba aliyaamini aliyoyasema. Furaha si ghali, aliwaambia, huanza na mambo madogo: geuza kitanda, paka ukuta mmoja rangi uipendayo, weka ua karibu na dirisha, ruhusu mwanga wa asubuhi uingie. Mtu nyuma akauliza kama anayo karatasi nyingine ya wasio na dirisha. Kicheko kikalipuka. Msimamizi wa nyumba akakohoa kidogo, kicheko kikafa.

Mke wa Timazi hakucheka. Aliipeleka karatasi nyumbani akaifuata neno kwa neno, na hilo ndilo lililomchoma Timazi. Aligeuza kitanda. Alipaka ukuta mmoja rangi ya manjano iliyobaki kwenye ndoo ya mumewe. Akapanda ua katika kopo la maziwa, akaliweka chini ya ile alama ya saruji, kwa kuwa ndipo karatasi ilipotaka liwe. Wiki mbili hazikupita, ua likapauka, likarefuka shingo kama linalomtafuta mtu. Akalitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Ua hili halina kosa, Fundi," alisema. "Mimi pia sina kosa. Aliyekosa, mwiko wake uko kwenye ndoo pale."

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Jumapili, baada ya chai, Timazi alichukua nyundo na tindo. Pigo la kwanza lilimleta jirani wa chumba cha kumi na moja, fundi mitambo, akimsihi wasubiri waandike barua. Walishaandika tatu. Timazi akamwomba amshikie tindo tu. Jirani akakumbuka ana maharage jikoni, yeye ambaye hajui hata chumvi inakaa wapi. Milango ikafungwa mmoja mmoja, safu nzima ikatia pamba masikioni.

Saruji yake mwenyewe ilimkatalia. Ya wengine ingeanguka ndani ya saa moja, lakini ile ilirudisha nyundo kama inayomcheka. Alimlaani meneja, akajilaani mwenyewe, viganja vikatoka damu. Mkewe alizoa vipande, akipumzika kila hatua mbili.

"Ulijisifu hii itadumu kuliko ndoa yetu," akamwambia. "Naona mnashindana."

Saa tisa alasiri tofali la kwanza likaangukia nje. Mengine yakafuata. Mwanga ukaingia ukakaa sakafuni, na nyuma yake upepo. Mkewe akavuta kigoda, akaweka uso penye tundu, akavuta pumzi. Timazi alisubiri kikohozi. Hakikuja. Akavuta nyingine, ndefu, kisha akamwomba wasogeze kitanda. Alilala pale pale mchana, kitandani kwake, mdomo umefungwa kama mtoto aliyeshiba.

Timazi alidhani angefurahi. Badala yake hasira ilimpanda. Kumbe ni hiki tu! Tundu lisilozidi upana wa meza, kazi ya kutwa moja, na mwanamke amelala mlangoni miaka sita.

Saa kumi msimamizi akafika. Alilitazama tundu, hakumtazama aliyelala. Akasema kesho saa mbili asubuhi matofali yataletwa, na Timazi mwenyewe ataziba, vizuri kama mwanzo. Akikataa, wahame yeye na mkewe siku hiyo hiyo.

"Karatasi yenu imesema tuingize mwanga," Timazi akajibu. "Nimefuata maagizo."

"Karatasi ile ni ya kuwapa moyo."

"Basi mmeshatupa. Mwiko sishiki."

Msimamizi alipoondoka, Timazi alipita mlango kwa mlango na vyombo vyake. Aliwaambia wazi: madirisha yenu ni mepesi kubomoa, najua nilichotia humo. Chumba kimoja watakihamisha. Vyumba kumi na viwili hawawezi, maana mashine nani atazishika? Wengi walimsikiliza wakiwa nyuma ya mlango. Bibi msokota nyuzi wa chumba cha nne alifungua, akapokea nyundo na tindo.

Jua bado halijazama. Bibi anagonga. Ana moyo wa kutosha, ila mikono yake imechoka, tindo linamponyoka, na kesho saa mbili haiko mbali. Wale wa vyumba kumi vilivyobaki wanachungulia wakingoja aanze mwingine. Wewe ndiye mwingine huyo. Weka kitabu chini. Chukua nyundo yoyote iliyopo nyumbani kwako, nenda kamshikie bibi tindo. Sasa hivi.