Jani Moja la Tambuu

Gari jeupe lilisimama chini ya mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabudha, saa nane mchana. Mheshimiwa Wimalajothi, mtawa pekee wa hekalu lile, alikuwa akifagia mchanga wa ua. Miaka miwili ilikuwa imepita bila gari kupanda huko. Kijana mmoja akashuka, akavua viatu, akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa mchanga.

"Naitwa Susantha, Mheshimiwa. Dereva wa hekalu kuu la mjini. Nimetumwa nikuchukue kabla ya Vas kuanza kesho."

Vas ni miezi mitatu ambayo mtawa hutulia katika hekalu moja, asitoke zaidi ya siku saba. Jina lake ni la mvua, ingawa huko kwao miezi hiyo halidondoki hata tone. Lakini mtawa hajikalishi mwenyewe. Wanakijiji ndio humwalika, wakimletea fungu la majani arobaini ya tambuu. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya kualika, na hakuna aliyekuja.

"Chumba kiko tayari," Susantha aliendelea. "Watawa vijana kumi na wawili watakusomea. Na Jumatatu daktari wa macho anakungoja."

Jicho la kulia la mtawa lilikwisha kufa. La kushoto, daktari alisema, lisipopasuliwa mwezi huu litakufa nalo, na baada ya upasuaji angelazimika kukaa mjini siku kumi na nne.

Mtawa aliutazama ukumbi wa hekalu. Mababu wa kijiji waliujenga kwa mawe waliyoyabeba vichwani kutoka bwawani. Humo watoto waliandika herufi zao za kwanza mchangani, humo wazazi wao waligombania maji ya mashamba mpaka wakapatana, na mtu alipofariki ngoma ya humo ndiyo iliyotoa habari. Kisha visima vikaharibika, watu wakahama nyumba baada ya nyumba. Kwenye ubao wa zamu za chakula majina thelathini yalikuwepo bado. Waliobaki walikuwa wanne. Kuna asubuhi bakuli lake la sadaka lilirudi tupu, akanywa chai kavu na kuzungumza na kunguru.

Alifunga mzigo wake: bakuli, mavazi, mwavuli. Susantha akautia garini.

"Twende, Mheshimiwa?"

"Tungoje jua lishuke."

"Tunamngoja nani?"

Mtawa aliitazama ngazi. Mwaka jana, nyumba ya tano kutoka mwisho ilipokuwa ikipakia vyombo, Heen Menika alimuuliza, "Na wewe utatuacha?" Naye, ili kumtuliza kikongwe yule, akasema, "Ukiniletea hata jani moja, nitakaa." Sasa alitamani aje, na papo hapo aliomba asije.

Saa kumi na moja fimbo ikasikika ikigonga ngazi. Heen Menika alipanda, akaketi, akapanda tena. Alivaa nguo nyeupe za hekaluni, na mkononi alishika kitambaa kilichokunjwa.

"Shikamoo, Bibi," Susantha alisema. "Umebeba nini humo, dhahabu?"

"Ningekuwa na dhahabu ningekununulia adabu, mjukuu wangu."

Akakunjua. Jani moja, lenye tundu la mdudu.

"Bibi, hilo hata kutafuna halitoshi!"

"Nani amekualika utafune?" Akamgeukia mtawa. "Mtambuu wangu umekauka, Mheshimiwa. Nimezunguka nalo tangu asubuhi nikitafuta wenzake, nikakosa."

Ndipo alipouona mzigo ndani ya gari. Vidole vyake vikaanza kukikunja kitambaa taratibu.

"Kumbe wamekuja kukuchukua ukatibiwe macho. Nenda, Mheshimiwa. Mimi nimekuja kuaga tu."

"Mama Heen, lete."

"Hili bovu."

"Lete."

"Siku kumi na nne, Mheshimiwa," Susantha alinong'ona, utani wote umemwishia. "Ukisema maneno ya kuahidi Vas hapa, una saba tu za kutoka."

Mtawa alinyoosha mikono yote miwili. Kikongwe akaliweka jani viganjani mwake. Alilisogeza karibu na jicho la kushoto, akaiona mishipa yake, lile tundu, na nuru ya jioni iliyopenya humo.

"Miezi hii mitatu," alisema, "nitakaa hapa."

Akarudia mara ya pili, na ya tatu, kama ahadi ya Vas inavyotaka.

Susantha alifungua mlango wa gari, akautoa mzigo, akaurudisha chumbani.