Kengele ya Shemasi

Tangu reli ifike Texas, hakuna tena anayemlipa mtu kuswaga ng'ombe nyikani miezi mizima. Ndiyo maana mzee Orville Tackett aliishia hapa kwetu bondeni, Kansas City, kwenye machinjio yanayonuka mpaka ng'ambo ya mto. Alikuja na maksai wake, Shemasi.

Zamani Shemasi alitangulia kundi na kengele shingoni. Mto ukifurika, yeye ndiye wa kwanza kuingia, wengine wakamfuata. Na waswagaji wana mwiko: kundi linauzwa, kiongozi anarudi nyumbani. Hapa wakamfanya kibarua. Aliwapandisha wenzake njia ya mbao hadi kwenye visu, kisha akatokea mlango wa pembeni, akapewa chumvi.

Jana msimamizi wetu Brandt, mshenzi yule, akasema, "Mzee, huyo anakula bure. Naye mpandishe."

"Huyu hachinjwi, bwana. Amevusha mito wewe hujazaliwa."

"Mito ina madaraja siku hizi, babu wee. Mpandishe, au tokeni wote wawili."

Orville akamvua kengele, akaitundika kwenye uzio, akatangulia. Shemasi akamfuata bila kuvutwa. Kwenye mlango wa pembeni akatokea mzee peke yake.

Leo ng'ombe wamegoma kupanda. Walipigwa mpaka fimbo zikavunjika. Brandt akaitungua kengele pale uzioni, akamtupia Orville.

"Si ng'ombe hufuata mlio wake? Haya, tangulia wewe."

Mzee akaivaa shingoni, akapanda. Ng'ombe wote wakamfuata.