Mapigo ya Mzee Mbayo

Mtu aliyesimama mlangoni alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka nyusi. Léonie hakuwahi kumwona.

"Njo weye Léonie, mutoto ya Kanyinda?"

"Njo minyi. Na weye, unatoka mu tanuru ya matofali?"

Mgeni akacheka. "Naitwa Ariel, niko shofere. Tonton wako wa Kolwezi, ndugu ya mama yako, ananituma. École moja kule inatafuta mwalimu, banakungojea kesho asubui. Saa kumi naondoka."

Miaka miwili diploma yake ya ualimu ilikuwa imelala chini ya godoro. Katika kambi ya reli ya Kamina nusu ya milango ilikuwa na kufuli, na vijana wote wa rika lake walikwisha kwenda migodini. Léonie alifunga begi kwa dakika kumi. Kisha akakumbuka ni siku gani, akaketi juu ya begi.

Mwili wa Mzee Mbayo, mwenzake baba yake katika kazi ya reli, ulikuwa njiani kutoka Lubumbashi, kwa treni. Mfanyakazi wa reli akirudishwa nyumbani, mwenzake hugonga kile kipande cha reli kinachoning'inia mbele ya gare, yaani stesheni, pigo moja kwa kila mwaka wa kazi. Sanduku la maiti halishushwi mabegani kabla ya pigo la mwisho. Baba yake Léonie alipokufa, Mbayo alimgongea ishirini na nane, kwenye mvua, akiwa na homa. Halafu akamwambia Léonie, "Minyi, njo weye utanipigia. Makumi tatu na ine. Usinipunguzie hata moja." Naye akakubali.

Akaenda gare na begi lake. Mama Jeannine, mjane wa Mbayo, alikuwa ameketi sakafuni tangu alfajiri. Léonie akamuuliza Éliézer, mkuu wa gare, treni imefika wapi.

"Iko njiani," akajibu Éliézer.

"Njiani wapi, papa?"

"Mama, njia iko moja tu."

Saa kumi Ariel akaja na lori, akapiga honi, akapakia begi la Léonie. Léonie akamweleza ahadi yake, naye akauliza, "Mutu akisha kufa, atajua nani alimupigia?"

"Bibi yake atajua."

"Hakuna mwingine?"

Léonie akatazama huku na huku. Kulikuwa na wanawake wazee, vijana wanne wa kanisa wa kubeba sanduku, na Éliézer mwenye mkono mmoja uliopooza.

"Wiki ijayo utarudi?" akauliza.

"Minyi nitarudi. Ile kazi njo haitarudi."

Léonie akaliteremsha begi lake mwenyewe kutoka lorini. Lori likaondoka, na vumbi lake likachukua muda mrefu kutua.

Treni iliingia jua likizama. Vijana wakalipokea sanduku, wakasimama nalo mabegani. Léonie akashika nyundo. Kwenye pigo la kumi na tano kiganja kilichubuka. La ishirini na sita likatoka hafifu, akahofia kwamba amekosea hesabu. Akamtazama Mama Jeannine. Midomo ya mama ilikuwa ikihesabu pamoja naye, bila sauti, wala haikusita. Akaendelea.

Baada ya lile la mwisho chuma kiliendelea kuvuma kidogo.

"Zinatimia," akasema Mama Jeannine. "Sasa mumushushe."