Shangazi wa Moja kwa Kumi

Meneja wa masoko wa kiwanda cha chupa za chai alisimama nyuma ya kiti cha Mabango, fundi wa picha wa duka la mabango, akainama mpaka tai yake ikagusa kibodi, akaonyesha skrini kwa ufunguo wa gari.

"Hawa wanawake toa," alisema.

"Wote?"

"Wote. Mzee abaki na chupa yake. Tukiwaacha hawa, mtu anaweza kudhani tunauza wanawake."

Akacheka, kisha akasubiri mtu amsaidie kucheka. Dada Rola, anayeendesha printa kubwa, alikuwa anapangusa vichwa vya wino na hakuwa na muda huo.

Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kubwa kama kiganja. Benchi refu la kiwandani, wanawake saba nyuma yake na brashi mkononi, na mbele yao mwanzilishi wa kiwanda kavaa suti, kainua chupa yenye ua ubavuni kama kashinda kombe. Kiwanda kilitaka picha hiyo iwe ukuta wa nyuma wa banda lao kwenye maonyesho ya biashara, mita sita kwa tatu, na juu yake maneno: UA LILILOCHORWA NA MWANZILISHI WETU.

Mwanamke wa tano kutoka kushoto, yule aliyeegemea mguu mmoja, alikuwa shangazi yake Mabango. Alimtambua picha ilipotoka tu kwenye bahasha. Meneja hakuuliza ni kina nani.

Watu wanadhani kazi hii ni kuchora. Kuchora ni kidogo. Kazi ni kufuta. Mteja akikuletea picha, ujue kuna kitu hakitaki: waya wa umeme, gari bovu, shemeji waliyegombana. Unachukua kipande cha ukuta pembeni, unakigonga juu ya mtu, unalainisha kingo, basi, mtu hayupo. Na hufanyi kwa saizi kamili. Ukiifungulia kompyuta ya pale dukani mita sita, inazimia. Kwa hiyo Mabango alifanya moja kwa kumi, sentimita sitini tu, halafu printa ndiyo izidishe.

Alipomaliza kumfuta wa kwanza, mwanamke yule alitokea mezani, kando ya mausi. Alikuwa na urefu wa kalamu kwa sababu faili lilikuwa moja kwa kumi, na alikuwa wa kijivu kuanzia kilemba mpaka viatu kwa sababu picha haikuwa na rangi.

"Miguu yangu," alisema. "Tumesimama tangu siku ile."

Mabango akamsogezea solotepu, naye mama akaikalia kama kigoda.

Dada Rola alipita na chupa ya wino, akamwona. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mabango, wakija wengine usiwaweke mbele ya feni. Na ushukuru ulifanya moja kwa kumi. Ungefanya saizi kamili tungewakalisha wapi hapa?"

Hadi mchana walikuwa sita. Walikalia vifutio na kiboksi cha pini, wakaanza kubishana ni nani aliacha kopo la rangi wazi siku ya picha. Wakati mmoja Mabango alikosea, akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, na mama wa kilemba akatoweka mezani, akaonekana kwenye skrini, benchini, kama zamani. Alipobonyeza tena akarudi juu ya solotepu.

"Amua basi, kijana," alisema. "Mara ndani mara nje, mimi ni paka?"

Basi wote wakaijua njia ya kurudi.

Mabango alimwacha shangazi awe wa mwisho. Alikwenda kula kwanza. Aliporudi akapanga mafaili yaliyokuwa yamepangika. Akafuta kioo cha skrini kwa shati. Ndipo akamfuta shangazi, kuanzia miguuni, na uso akaumalizia haraka haraka bila kutazama sana.

Shangazi alitua mezani kwa mguu ule ule mmoja. Akamkagua kutoka juu mpaka chini, na ilimchukua muda kwa kimo chake.

"We baba, mbona umenenepa hivi?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na nywele kakukata nani, adui yako?" Akakaa kwenye kifutio. "Nilikufa lini?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi."

"Na nguo zangu?"

"Tuligawa."

"Gauni la kijani?"

"Alichukua mama."

"Nilijua tu."

Ni shangazi huyu aliyemlea. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, na ua lile lilikuwa kila mahali: kwenye ndoo, mlangoni, kwenye sanduku la nguo, mpaka kwenye mfuko wa shule wa Mabango, na wenzake wakawa wanamwita Chai. Jioni shangazi alirudi na vidole vya rangi tatu nne, akakaa kwenye ngazi ya mlango akivisugua kwa mafuta ya taa huku akiwasema watu wa kazini mmoja mmoja. Baada ya hapo ndipo walikula. Mpaka leo Mabango akinusa mafuta ya taa mate yanamjaa. Alipoacha shule ukoo mzima ulipiga kelele, isipokuwa shangazi. Yeye alimpa brashi, akamwambia, "Haya, kaa hapo. Usinichafulie sakafu."

Vyumba vile sasa ni duka la matairi.

Dada Rola alileta kiti, akakaa karibu na meza. "Shangazi, hili ua ni la mmea gani? Nimelitafuta sana, silipati."

"Halipo popote. Nililianza na petali sita, zuri kweli. Lakini msimamizi alikuwa anapita na saa mkononi, na petali sita hazimaliziki upesi, chupa zinarundikana. Nikafanya tano. Bado. Nilipofanya nne ndipo nikawa namaliza kabla hajafika kwangu. Na hili jani lililopinda, hapa nilikuwa nageuka kushika chupa nyingine."

"Na sisi tukakuiga," alisema mama wa kilemba.

"Mliniiga vibaya."

Shangazi akainuka, akatembea juu ya kibodi mpaka chini ya skrini. Akayasoma maneno yaliyokuwa juu ya kichwa cha mwanzilishi, akinyoosha shingo, herufi moja moja. Alipofika mwisho akarudi kukaa kwenye kifutio.

Kesho yake meneja alikuja kukagua. Alipowaona kina mama aliwasalimia vizuri tu.

"Hamjambo kina mama."

"Hatujambo."

"Mabango, wasisogelee kazi yangu, wana rangi mikononi." Akaitazama skrini. Benchi lilikuwa tupu, ukuta nyuma yake msafi, mzee peke yake na chupa yake. "Hapo sasa! Unaona? Urahisi. Mzee alikuwa na maono ya urahisi. Petali nne tu!"

"Meneja," alisema shangazi, "ua hilo nililichora mimi."

Meneja akainama, mikono magotini, ili asimwongeleshe kwa juu. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Inawezekana kabisa, mama. Ila ukuta umeshapitishwa na bodi." Akawapungia mkono wote saba. "Asanteni sana kwa mchango wenu." Kisha akamwambia Mabango mzigo unatakiwa uwe tayari jioni, na kwamba kuna duka jingine la mabango mtaa wa pili kama hapa wamebanwa.

Gari lake lilipoondoka shangazi alisema, "Turudishe."

"Wapi?"

"Usinifanye mjinga, baba. Kabla hujaunga hizo leya zako."

Leya ni picha zinazolaliana kama mashuka kitandani. Zikiwa bado mbalimbali unaweza kufunua shuka la juu ukakuta kilichokuwa chini. Ukishaziunga kuwa moja, kitufe cha kurudisha nyuma hakina cha kurudisha. Na picha ya asili nayo haikuwa na msaada tena. Mabango alikuwa ameshaichungulia kwenye bahasha, na nyuma ya benchi aliona nafasi saba nyeupe.

"Meneja atakataa," alisema.

"Akatae mbele yetu, tukiwa mita sita. Pale ukutani nitakuwa na kimo changu. Hapa mezani namwogopa mende."

"Nikikurudisha utakuwa umeondoka."

"Nitakuwa ukutani."

"Ukutani huongei."

"Nimeongea maisha yangu yote, unanijua. Sasa nataka nionekane. Watu waje wanione na brashi mkononi, basi, waende zao wakanywe chai."

Wenzake walikuwa wameshasimama nyuma ya mausi kwa mstari, kila mtu nafasi yake ya benchini, wakirekebisha vilemba.

"Haya," alisema Mabango. "Ngoja ninywe maji."

Akaenda kwenye ndoo iliyokuwa kona, akanywa kikombe kizima, akakijaza tena akanywa. Alipokaa aliweka mkono kwenye mausi na kuziunga leya zote kuwa moja, akalituma faili kwenye printa. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Kazi aliitaka, ni kweli. Lakini zaidi alitaka jioni awepo mtu wa kumsema yeye.

Printa ikaanza kuguruma. Kina mama wakaisikia.

"Imeenda yenyewe?" aliuliza shangazi.

"Imeenda."

Shangazi alikuwa amefanya kazi na mashine miaka mingi. Alimwangalia Mabango, akaiangalia mashine, akaishusha brashi yake. Mstari ukavunjika, kila mmoja akarudi kwenye kifutio chake.

Siku zilizofuata Dada Rola alipiga simu huku na huku kutafuta ndugu zao. Watatu walifuatwa. Binti mmoja alikuja na mkoba, akamweka mama yake humo kando ya simu, akaacha zipu wazi ili apate hewa.

"Ila mama alikuwa mrefu," alisema mlangoni.

"Moja kwa kumi," Dada Rola alimweleza.

"Aah."

Wengine ambao ndugu hawakupatikana walibaki dukani, kwenye rafu ya wino. Walisaidia kuokota nyuzi kwenye kitambaa kabla hakijaingia mashineni, kazi ambayo mikono mikubwa inaiharibu.

Shangazi alihamia kwa Mabango. Alilala kwenye boksi la viatu, juu ya soksi iliyofuliwa. Asubuhi alikaa dirishani akiwasema wapita njia, jioni alisimama ukingoni mwa meza akimfundisha kukaanga kitunguu. "Punguza moto! Unakaanga au unalipiza kisasi?" Alimsimulia tena habari zote za kwenye ngazi ile ya mlango: aliyemwagia msimamizi rangi viatuni, aliyejifungua saa ya mapumziko na kurudi benchini wiki ile ile, wimbo waliokuwa wakiuimba kwa kunong'ona kwa sababu kuimba kulikatazwa. Mabango alinunua mafuta ya taa kidogo, ingawa hana jiko la mafuta, akamwekea kwenye kifuniko cha chupa asugue vidole. Rangi haikutoka, ilikuwa ya kijivu kama yeye mwenyewe, lakini chumba kilinukia vizuri. Miaka mingi Mabango hakuwa amekula kwa hamu namna ile.

Maonyesho yalipofunguliwa shangazi alisema, "Nipeleke."

"Pana watu wengi mno, shangazi."

"Una mfuko wa shati, huna?"

Akamchukua mfukoni, kichwa na mikono nje. Ukumbi ulikuwa mkubwa, mabanda yamepangwa pande zote mbili, matrekta, magodoro, matangi ya maji, spika zinagombana. Banda la chupa za chai lilikuwa katikati. Ukuta uling'aa kwa taa. Kitambaa kilikuwa kimevutwa vizuri bila kunyanzi hata moja, kazi ya Dada Rola. Mwanzilishi alikuwa na kimo kamili cha mtu, chupa juu, ua ubavuni. Watu walikuwa wanapiga naye picha.

"Nisogeze," alisema shangazi.

Mabango akapita pembeni ya meza ya vipeperushi, akamtoa mfukoni, akamshika kwenye kiganja karibu na kitambaa, pale nyuma ya benchi. Shangazi akanyoosha mkono, akaugusa ukuta uliochorwa. Akapapasa juu, akapapasa kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Nilikuwa hapa."

"Ndiyo."

"Na huyu wa kilemba hapa. Na pale yule mwenye mimba niliyekusimulia."

"Ndiyo, shangazi."

Akausogelea zaidi, mpaka pua yake ikakaribia kugusa uzi. Alikuwa na jicho la kazi, hakuharakisha. Alitafuta kingo, alitafuta kivuli kilichosahauliwa sakafuni. Kisha akamgeukia, na uso wake ulikuwa ule ule wa zamani, wa siku Mabango alipopaka ndoo yake ya kwanza bila kuchuruzisha rangi.

"Kazi safi, baba," alisema. "Huwezi kujua kama palikuwa na mtu."

Mabango akamrudisha mfukoni. Hakuweza kuondoka mara moja kwa sababu ya msongamano, kwa hiyo alibaki pale pale, kaupa ukuta mgongo, mkono umeziba nusu ya mfuko ili asisukumwe.

Mwanamke mmoja wa makamo alisimama mbele ya banda na mumewe. Akalitazama ua kwa muda mrefu. "Tulikuwa nayo chupa hii nyumbani," alisema. "Ya mama. Mimi ndiye niliyeivunja, na nikachapwa." Akasoma maneno ya juu, akatikisa kichwa taratibu. "Aliyechora hili alikuwa na mkono mzuri kweli."

"Asante, mwanangu," alisema shangazi kutoka mfukoni.

Mwanamke akautazama mfuko, akaitikia, "Haya mama, karibu." Akachukua kipeperushi chenye picha ya mwanzilishi, akamshika mumewe mkono, wakaenda banda la tatu, ambako walikuwa wanagawa mifuko ya bure.