Mashine ya Luhende Yapigwa Picha

Mara ya kwanza Advera alipoipiga picha mashine ya kusaga ya mzee Luhende, kijijini Choma, ilitoka ukungu mtupu. Advera alikuwa na studio ndogo ya picha mtaa wa Kitete, mjini, na kamera yake ya filamu, ya picha nyeusi na nyeupe, ilimzidi umri. Mumewe Zablon aliitazama ile picha akaguna.

"Piga kwa simu, mama. Siku hizi ukibonyeza tu, picha inazeeka yenyewe."

"Ile mashine imeshazeeka," Advera akamjibu. "Nataka kuipata ilivyo."

Akapanda tena basi la Igunga, akamalizia safari kwa bodaboda.

Mashine ilikuwa ikinguruma ndani ya banda la mabati, kama ilivyonguruma tangu kabla ya Uhuru: injini ya dizeli, gurudumu kubwa la chuma, na mkanda mrefu uliozungusha mawe ya kusagia. Unga ulielea hewani. Mwanga ulikuwa hafifu, hivyo kamera ilibidi iachwe wazi kwa sekunde kadhaa bila kutikisika, na sakafu nzima ilikuwa ikitetemeka.

"Shikamoo, baba. Nimerudi."

"Marahaba, mwanangu. Nikuzimie injini?"

"Hapana, baba. Ukiizima nitakuwa nimepiga vyuma tu."

Alisimamisha stendi ya kamera ukutani, kisha mlangoni. Kote ilitetemeka. Alikuwa ameanza kukata tamaa pale Minza, mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, aliposema, "Huyu wangu nikimlaza juu ya gunia la pumba humu ndani, hata hashtuki. Hebu ilaze na kamera yako."

Wakapanga magunia mawili. Kamera ikazama juu yake kama kuku anayeatamia. Advera akaigusa kwa kidole: imetulia tuli.

Sasa ikabaki kazi ya Luhende, mtu asiyejua kunyamaza.

"Baba, shika hapo unapomiminia mahindi. Usiseme, usitikisike."

"Mimi? Nisiseme?"

Foleni yote ikacheka. Luhende akakaza shingo. Advera akaifungua kamera, akabana pumzi, akaifunga.

Kule Kitete, chini ya taa nyekundu ya chumba cha kusafishia picha, karatasi ilianza kuingia weusi ndani ya sinia la dawa. Mkanda ulionekana kama moshi unaokimbia. Unga ulikuwa umetanda kama umande. Na katikati, Luhende, wazi kabisa, kila kunyanzi la uso mahali pake. Advera alimwita Zablon. Zablon akainama juu ya sinia, akatazama.

"Hii, simu haiwezi," akasema.

Advera alipoipeleka picha Choma, ilipita mikono ya foleni nzima, ikarudi na alama za vidole vya unga pembeni. Advera hakuzifuta. Luhende aliipokea mwisho, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akacheka: "Mimi? Kumbe nilinyamaza!"